Neema Tusizozihesabu: Tutaulizwa Hata Kuhusu Maji Baridi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetupa uhai bila ya sisi kuuomba na akaturuzuku kabla hatujajua kuomba. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Katika misikiti yetu mingi kuna daftari ambalo waumini wachache hulitazama. Ni daftari la katibu, lenye matangazo yanayosomwa baada ya sala ya Ijumaa: ndoa, maziko, michango ya ujenzi, funguo zilizookotwa. Ndani yake mna ukurasa wa maombi ya dua. Anayetaka jamaa yake aombewe huleta kijikaratasi, au humnong'oneza katibu haja yake, nayo huandikwa. Kwa kuwa kazi hiyo iko mikononi mwangu, nimepata nafasi ya kuyaona maombi hayo kwa pamoja, wakati wengine huyasikia moja moja na kuyasahau.

Mtu angedhani kwamba waja wakipewa fursa ya kuombewa na msikiti mzima wataomba mambo makubwa: mali, cheo, safari za mbali. Maombi ya namna hiyo yapo, lakini si mengi. Yaliyo mengi ni haya. Mama anaomba mwanawe apate kulala usiku kucha bila kikohozi. Mzee anaomba apate haja ndogo bila maumivu. Kijana aliyepata ajali ya pikipiki anaombewa aweze kukanyaga chini. Bibi anaomba macho yake yasalie na nuru ya kusomea msahafu. Mke anaomba mumewe, aliyepigwa na kiharusi, aweze kulitamka tena jina lake.

Ndugu msomaji, irudie orodha hiyo taratibu. Kulala. Kupata haja. Kukanyaga. Kusoma. Kulitamka jina la mtu umpendaye. Walio wengi miongoni mwetu wameyafanya yote hayo baina ya jana usiku na asubuhi ya leo, na yumkini hawakulitambua hata moja kuwa ni neema. Kile ambacho mwenzako anakiomba kwa machozi ndicho wewe unachokiita siku ya kawaida. Makala haya yana neno moja tu la kusema: mambo madogo ya kila siku ndiyo mtaji mkubwa tuliopewa, tutaulizwa juu yake, na wakati wa kuyatambua ni sasa, yangali mikononi mwetu.

Njaa mjini Madina

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kisa ambacho kila familia ingefaa kukisimulia wakati wa chakula. Mtume (S.A.W.) alitoka nyumbani kwake, akawakuta nje Sayyidna Abu Bakr na Sayyidna Umar (R.A.). Aliwauliza kilichowatoa majumbani kwao, wakamjibu kuwa ni njaa. Naye akaapa kwamba yeye pia ametolewa na hicho hicho kilichowatoa wao. Tafakari kidogo: mbora wa viumbe na wawili walio bora katika umma wake, wote watatu wako nje kwa sababu hakuna cha kula ndani.

Wakaenda kwa mtu mmoja katika Ansari. Hawakumkuta, mkewe aliwakaribisha kwa uchangamfu na kuwaeleza kuwa mumewe amekwenda kuwatekea maji matamu. Aliporudi na kuwaona wageni wake, alimhimidi Mwenyezi Mungu kwamba siku ile hakuna aliyepata wageni watukufu kuliko yeye. Akawaletea shada la tende lililochanganya mbichi, mbivu na kavu, kisha akashika kisu. Mtume (S.A.W.) alimtahadharisha asichinje mnyama wa maziwa. Wakala nyama, wakala tende, wakanywa maji, wakashiba.

Hapo ndipo Mtume (S.A.W.) aliwaambia masahaba wake wawili kwamba wataulizwa juu ya neema ile Siku ya Kiyama: njaa iliwatoa majumbani, na hawakurejea ila wamekwisha kuipata neema hiyo. Katika mapokezi ya Imam Tirmidhi, ambapo mwenyeji anatajwa kuwa ni Abul-Haytham (R.A.), neema zenyewe zinatajwa kwa majina: kivuli kilichopoa, tende nzuri na maji baridi.

Kivuli, tende na maji. Havikuwa vitu vya anasa, kwani hata mtu wa hali ya kawaida wa Madina aliweza kuvipata. Aya ya mwisho ya Suratut-Takaathur inatuonya kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema, na wengi wetu tunapoisikia hufikiria matajiri wenye majumba na magari. Kisa hiki kinaondoa dhana hiyo. Walioambiwa kwamba wataulizwa walikuwa watu waliotoka nje kwa njaa saa chache tu kabla. Ikiwa wao wataulizwa juu ya mlo mmoja, itakuwaje kwetu sisi tunaofungua jokofu, tukalifunga na kusema hakuna kitu?

Bei ya gilasi moja ya maji

Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Ibn as-Sammak, mhubiri maarufu kutoka Kufa, aliingia siku moja kwa Khalifa Harun ar-Rashid, aliyetawala baina ya mwaka 786 na 809. Khalifa aliagiza maji ya kunywa. Alipotaka kuyanywa, Ibn as-Sammak alimuuliza: lau angezuiliwa maji yale, angeyanunua kwa kiasi gani? Khalifa akajibu kwamba angetoa nusu ya ufalme wake. Akamwambia anywe. Alipokwisha kunywa akamuuliza tena: lau maji yale yangekataa kutoka mwilini, angelipa kiasi gani yatoke? Khalifa akajibu kwamba angetoa ufalme wake wote. Ibn as-Sammak akamwambia kuwa ufalme ambao thamani yake haifikii kinywaji kimoja cha maji haufai kugombaniwa. Harun akalia.

Kisa hicho kina zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili, lakini wapo miongoni mwetu wanaokiishi leo. Figo mbili za mtu mwenye afya, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi, huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Karibu yote hurejeshwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutolewa kama mkojo. Kazi hiyo hufanyika mchana na usiku, tukiwa sokoni, tukiwa kwenye sijda, tukiwa usingizini, bila kelele na bila ankara ya malipo. Figo zinaposhindwa kabisa, mgonjwa asiyepandikizwa figo nyingine hutegemea mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa hapo kiasi cha saa nne. Siku za katikati hupimiwa maji ya kunywa, kwa kuwa mwili wake hauna tena njia ya kuyatoa. Katika joto la Dar es Salaam, wakati sisi tunainua chupa na kuimaliza kwa pumzi moja, yeye hunyonya kipande cha barafu ili kuidanganya kiu.

Ndiyo maana mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) hayakuliacha hata jambo ambalo adabu hutufanya tusilitaje. Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba alipotoka msalani alikuwa akimuomba Mwenyezi Mungu maghufira. Baadhi ya wanazuoni wameeleza sababu: mja anapoondokewa na kitu chenye kudhuru, naye hakufanya lolote ila kuketi, hutambua kwamba ameshindwa kuitekeleza haki ya shukrani, na hivyo huomba asamehewe upungufu huo. Watoto wetu tunawafundisha dua hiyo wangali wadogo, nao huihifadhi upesi. Ni vyema tuwafundishe na maana yake pia.

Mazoea, mwizi asiyeonekana

Ni nini basi kinachotufanya tusione? Si ubaya wa nyoyo kila wakati. Mara nyingi ni mazoea.

Sote tumewahi kushuhudia umeme unaporudi baada ya kukatika muda mrefu. Mtaa mzima hulipuka kwa shangwe, watoto hupiga makofi na kukimbia uani, watu wazima hutabasamu gizani kabla hata taa hazijatulia. Kesho yake umeme upo vile vile, na hakuna anayeshangilia. Yanaporudi maji ya bomba yaliyopotea wiki nzima, mama hujaza ndoo, madumu na hata sufuria za pilau, huku akisema alhamdulillah kwa kila chombo. Mwezi mmoja baadaye bomba lile lile huachwa likitiririka wakati mtu anapiga mswaki. Neema haikupungua kitu. Kilichopungua ni jicho la kuiona.

Qur'ani Tukufu imetupigia mfano wa jamii nzima iliyoangamizwa na ugonjwa huu. Watu wa Saba, katika nchi ya Yemen, walikuwa na bustani kulia na kushoto, na wakaambiwa wale riziki ya Mola wao na wamshukuru. Miji yao ilikaribiana, na msafiri alikwenda baina ya mji na mji usiku na mchana kwa amani. Leo, mzazi mwenye mtoto anayesafiri kwa basi la usiku anajua thamani ya neno hilo, kusafiri kwa amani. Lakini watu wa Saba walichoshwa na wepesi huo, hata wakamuomba Mola awarefushie masafa ya safari zao. Mafuriko yakaja, bustani zikageuka kuwa miti ya matunda machungu, wao wenyewe wakatawanywa, na wakabaki kuwa hadithi za kusimuliwa.

Na tusidhani kwamba kuchoshwa huko kuliishia Yemen. Ni kwetu pia pale kijana anapokitazama chakula na kuguna kwamba ni wali maharage tena. Ni kwetu pale mume anapoona kuwa nyumba iliyotulia haina jipya, akaanza kutafuta msisimko nje. Ni kwetu pale tunapoiacha jioni njema ya nyumbani ipite tukitazama kwenye simu jioni za watu wengine.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alizitaja neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na faragha, yaani wasaa wa mtu. Neno la Kiarabu lililotumika ni la sokoni. Humtaja mtu aliyepunjika katika biashara, aliyeuza kitu cha thamani kwa bei ya kutupa bila kujua alichokuwa nacho. Mwenye afya na wasaa asivitambue, ndiye muuzaji huyo.

Milango ilipofungwa

Wapo wanaodhani kwamba vitu vya kila siku havina hatari ya kutoweka. Hao wakumbushwe mwaka 2020.

Mwezi Machi mwaka huo, maradhi ya korona yalipoenea, ibada ya umra ilisimamishwa na watu wakazuiwa kuingia katika Misikiti Mitukufu ya Makka na Madina. Ramadhani ilifika, na tarawehe ikasaliwa katika Msikiti wa Makka bila ya umati tuliouzoea. Hija ya mwaka huo ilitekelezwa na watu wachache mno waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, ilhali mwaka mmoja kabla walihiji takriban milioni mbili na nusu. Wapo wazee waliokuwa wamejiwekea akiba kwa miaka mingi, wakaambiwa wangoje. Na wapo miongoni mwao ambao ajali yao haikungoja.

Hapa Tanzania Bara milango ya misikiti iliendelea kuwa wazi. Kwa ndugu zetu wa Kenya nyumba za ibada zilifungwa Machi, na zilipoanza kufunguliwa tena mwezi Julai ilikuwa kwa masharti ya idadi na muda. Kwa miezi hiyo yote, Muislamu wa Mombasa au Lamu alisikia adhana ya msikiti ulio hatua chache kutoka kwake, asiweze kuuingia. Idi ilifika, na watu hawakuweza kukumbatiana. Bega kwa bega, mguu kwa mguu, jambo ambalo maimamu hulikumbusha kila sala hata masikio yakalizoea, lilikuwa limegeuka kuwa tamaa.

Ndugu msomaji, siku hizi milango iko wazi. Unaweza kuingia, ukatia udhu kwa maji yanayotiririka, ukasimama katika safu, mtu usiyemjua akakukaribia mpaka bega lake likagusa lako, na mkimaliza akakupa mkono. Hilo ni jambo dogo sana kwa macho. Lakini jiulize: ukipita nje ya msikiti wakati wa Isha ukaziona safu mbili tu, je, hiyo si dalili kwamba tumekwisha kusahau?

Ndani ya msikiti kuna dalili nyingine. Tazama nyuma, kwenye viti vya plastiki. Kila aliyeketi hapo alikuwa akisujudu kama wewe, paji la uso likagusa mkeka. Kisha siku moja magoti yalikataa. Muulize mmoja wao ni kitu gani anachokikosa, na huenda asikutajie ujana wala mali. Huenda akakutajia sijda.

Harufu ya Yusuf

Katika mambo madogo yote, yaliyo karibu nasi zaidi na tunayoyaona kwa uchache zaidi ni wale tunaoishi nao chini ya paa moja.

Nabii Yaakub (A.S.) alitengana na mwanawe Yusuf (A.S.) kwa miaka mingi, akalia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Sura ya Yusuf inatueleza kwamba msafara uliobeba kanzu ya Yusuf ulipoondoka Misri tu, baba huyo akiwa mbali alisema kwamba anaipata harufu ya Yusuf. Kabla ya habari kufika, na kabla nuru ya macho haijarejea, kilichomfikia kwanza ni harufu ya mtoto wake. Kila mama anaelewa. Harufu ya utosi wa mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa, jasho la mtoto aliyerudi kucheza, nguo ya shule yenye vumbi: leo ni kazi ya kufua, kesho ni kitu ambacho mtu angetoa alichonacho chote ili akipate tena.

Watoto hawatuagi wanapoacha utoto. Hakuna baba anayejua kwamba leo ndiyo mara ya mwisho kumbeba bintiye mabegani. Hakuna mama anayejua kwamba usiku huu ndio wa mwisho mtoto kuomba asimuliwe hadithi ndipo alale. Mambo hayo hukoma kimya kimya, na aliyekuwa na shughuli siku hiyo hapewi siku nyingine badala yake.

Na kwa upande wa wazazi wetu hali ni hiyo hiyo. Katika Suratu Luqman, Mwenyezi Mungu ameiunganisha shukrani Yake na shukrani kwa wazazi wawili katika amri moja. Wengi wetu tuna mama anayepiga simu wakati tuna kazi, akauliza kama tumekula, akarudia habari aliyotusimulia wiki iliyopita. Tuna baba anayeketi barazani na kahawa yake, akieleza kwa mara ya ishirini jinsi mtaa ulivyokuwa kabla ya barabara ya lami. Tunajibu kwa mkato. Tunasema tutapita Jumapili, na Jumapili huja na udhuru wake.

Mtu anayeandika matangazo ya maziko hujifunza jambo. Watu wanapokuja kueleza habari za maiti wao, hawaelezi makubwa. Husema mama alikuwa hali kabla watoto hawajala. Husema baba alikuwa akikohoa kidogo anapofika mlangoni, nasi tukajua amekuja. Hueleza namna bibi alivyokuwa akikunja khanga yake, au maandazi ya hiliki ya asubuhi ya Idi. Maneno hayo ni mazuri na dua zinazofuatana nayo, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, humfaa maiti. Lakini mengi katika hayo marehemu hakuwahi kuambiwa akiwa hai. Ilikuwa inatosha dakika moja, siku yoyote ya kawaida.

Shukrani si kunyamazia dhiki

Hapa panahitajika tahadhari, kwani maneno ya shukrani yanaweza kutumiwa vibaya. Wapo wanaomwambia mwenye njaa ashukuru ili asiwasumbue walioshiba. Wapo wanaomwambia mjane ashukuru ilhali wao wameikalia mirathi yake. Wapo wanaomwambia mke anayedhulumiwa ahesabu neema na kunyamaza. Huko si kuhimiza shukrani, ni kuifanya dini kuwa pazia la dhulma.

Kirejee kisa kile cha Madina. Masahaba walipoulizwa kilichowatoa, hawakusema kwamba ni wazima wa afya, alhamdulillah. Walisema njaa, naye Mtume (S.A.W.) akakiri kwamba kimemtoa hicho hicho. Dhiki ilitajwa kwa jina lake, na walitoka kuitafutia ufumbuzi. Hata huzuni haikukatazwa: Mtume (S.A.W.) alibubujikwa na machozi alipokuwa akimpoteza mwanawe Ibrahim, akaeleza kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi ila yanayomridhisha Mola. Nabii Yaakub alilia miaka na miaka naye ni Mtume. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na machozi na shukrani katika kifua kimoja.

Wala haifai kumgeuza mgonjwa kuwa kioo cha kujifurahishia kwamba sisi tu wazima. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) alituelekeza tuwatazame walio chini yetu katika mambo ya dunia, ili tusizidharau neema tulizopewa. Lakini anayemtazama aliye chini yake kisha akapita, hakutekeleza shukrani. Mwenye figo nzima deni lake ni kwa yule anayekosa nauli ya kwenda kusafishwa damu. Mwenye kulala vizuri deni lake ni kwa jirani anayekesha na mgonjwa.

Enyi watu wa Daudi

Katika Suratu Saba, Mwenyezi Mungu aliwaamrisha watu wa nyumba ya Daudi (A.S.) wafanye kazi kwa shukrani, kisha akaeleza kuwa wachache katika waja Wake ndio wenye kushukuru. Wanazuoni wamezingatia kwamba shukrani hapo imekuja kama kazi, na kwamba walioamrishwa ni watu wa nyumba moja, familia. Nasi basi tuianze kazi hiyo majumbani mwetu, kwa mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni ulimi. Anas (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu humridhia mja anayekula tonge akamhimidi, na anayekunywa funda akamhimidi. Radhi za Mola kwa funda la maji! Familia ile pamoja walau mlo mmoja kwa siku, simu zikiwa chumba kingine, na kabla ya kunyanyuka kila mmoja, mdogo kwa mkubwa, ataje neema moja ya siku ile. Mtoto akitaja embe aliloliokota, asichekwe. Huenda kati ya wote mezani yeye ndiye aliyeshukuru kwa haki.

La pili ni kuwashukuru watu. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Baba amwambie mkewe kwamba chakula kimempendeza, amwambie siku ya mchicha kama siku ya biriani. Mama amshukuru mume kwa nauli na ada, hata kama ni wajibu wake. Watoto wamshukuru dada wa kazi kwa jina lake.

La tatu ni viungo. Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) tunaelezwa kwamba kila kiungo kinadaiwa sadaka kila asubuhi, na kwamba rakaa mbili za dhuha zinatosha. Mguu unaotembea upelekwe kwa mgonjwa. Jicho linaloona limsomee Qur'ani mzee ambaye macho yake yamechoka. Tunapokwenda hospitali kuzuru, twende na watoto wanaoruhusiwa kuingia, ili wajifunze mapema kwamba afya si haki waliyozaliwa nayo bali ni amana.

La nne ni kutokuahirisha. Ikiwa mzazi yu hai, simu ipigwe leo baada ya kuikunja karatasi hii. Ikiwa kuna neno jema la kumwambia mtu, asingojewe katibu kulisoma.

Tirmidhi amepokea hadithi yenye kukusanya yote haya: kwamba mwenye kupambazukiwa akiwa na amani kwao, na afya mwilini, na chakula cha siku yake, huyo ni kana kwamba amekusanyiwa dunia yote. Amani, afya na mlo wa siku. Wangapi tumepambazukiwa na vyote vitatu leo, tukatoka nyumbani tukilalamika kwamba hatuna kitu?

Nabii Sulaiman (A.S.), aliyepewa ufalme usiopewa mwingine, alitabasamu kwa maneno ya chungu mdogo, na papo hapo akamuomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema aliyomneemesha yeye na wazazi wake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu na sisi atupe jicho la kuziona neema kabla hazijaondoka, ulimi wa kuzikiri, na viungo vya kuzitumia katika radhi Zake. Awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atuhifadhie wale tulio nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.